Namna ya kujenga na kukagua njia za waenda kwa miguu na kingo za zege katika Jiji la Dodoma

Njia ya waenda kwa miguu inapoanza kupasuka na kuzama mwaka mmoja tu baada ya kukabidhiwa, lawama huelekezwa kwenye zege, ilhali mara nyingi zege lenyewe halina kosa. Kasoro nyingi huwa zimekwisha kuzaliwa kabla kokoto hazijashushwa: udongo haukushindiliwa, maji ya mvua hayakupangiwa pa kupita, mbao ziliwekwa kwa kukadiria macho. Nyingine huzaliwa katika wiki ya kwanza baada ya kumwaga, wakati mafundi wamekwisha kuhamia mtaa mwingine na kila mtu anaamini kazi imekwisha. Mkaguzi anayefika siku ya makabidhiano huikuta njia safi, imenyooka, na hana namna ya kuona kilicho chini yake. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: kila hatua ikaguliwe na kutiwa saini kabla haijafunikwa na hatua inayoifuata.

Umeandikwa kwa ajili ya mkandarasi mdogo na mafundi wake, mkaguzi wa kazi, na pia mtendaji wa mtaa na wajumbe wa kamati ambao barabara yao inajengwa mbele ya macho yao. Vipimo vinavyotajwa ni vya utendaji wa kawaida wa kihandisi kwa njia ya zege isiyopitwa na magari. Mkataba na michoro yake vikitaja kipimo kingine, hivyo ndivyo vinavyofuatwa, na mashaka yoyote yapelekwe kwa mhandisi kwa maandishi, si kwa simu.

Kabla ya jembe la kwanza

Jambo la kwanza ni kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na barabara nyingi za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, huku Halmashauri ya Jiji ikishughulikia mipango miji na vibali vya ujenzi wa majengo yanayopakana na barabara hizo. Mwenye duka anayetaka kujenga njia ya zege mbele ya duka lake hana ruhusa ya kufanya hivyo kwa sababu tu amelipia mwenyewe, kwani eneo hilo ni hifadhi ya barabara inayolindwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Aombe kibali kwa mwenye barabara, apewe kimo na mstari wa kufuata.

Hili la kimo lina uzito mkubwa katika Dodoma kuliko watu wanavyodhani. Katika mitaa mingi ya biashara kila mwenye jengo ameinua kibaraza chake kwa kadiri alivyoweza, mmoja ameweka vigae vinavyoteleza, mwingine amejenga ngazi mbili, wa tatu ameacha udongo mtupu, na mwenda kwa miguu anapanda na kushuka mpaka anachoka na kuingia barabarani kutembea pamoja na bajaji. Kwa hiyo kimo cha njia kianze kwenye ukingo wa barabara na kupanda taratibu kuelekea kwenye majengo, kisha milango na vibaraza ndivyo vijirekebishe kufuata njia, kamwe njia isivifuate. Mazungumzo na wenye majengo yafanyike wakati vigingi na kamba viko chini na kila mmoja anaweza kuona maji yatapita wapi. Baada ya zege kumwagwa mazungumzo hayo hugeuka kuwa ugomvi.

Upana wa kupita bila kizuizi usipungue mita 1.5, na penye watu wengi, kama karibu na masoko, shule na vituo vya daladala, uwe mita 1.8 au 2.0 ili viti mwendo viwili viweze kupishana. Neno "bila kizuizi" lizingatiwe kwa dhati. Njia ya mita 1.8 yenye nguzo ya umeme katikati ni njia ya chini ya mita moja, na mkaguzi aipime hivyo. Kabla ya kuchimba, DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma), TANESCO (shirika la umeme) na kampuni za simu waulizwe mabomba na nyaya zao ziko wapi, na wale wenye mpango wa kupitisha bomba jipya mtaani hapo wapitishe sasa.

Udongo na tabaka la chini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Udongo wa Dodoma haufanani mtaa kwa mtaa. Karibu na vilima vya mawe utakuta changarawe ngumu au mchanga mwekundu ambao ukishindiliwa vizuri hukaa kimya miaka mingi. Maeneo ya mabondeni yana udongo wa mbuga, mfinyanzi mweusi au wa kijivu unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zinapoanza. Bamba la zege la milimita 100 haliwezi kuuzuia udongo huo usivimbe. Litanyanyuliwa, litapinda, litakatika.

Kuutambua hakuhitaji maabara kwa hatua ya kwanza: ni udongo unaonata kwenye viatu ukiwa umelowa, unaokuwa mgumu kama tofali ukiwa mkavu, na wenye nyufa zinazoweza kupitisha vidole. Ukionekana kwenye mfereji, kazi isimame na mhandisi aitwe, naye ataagiza vipimo na kuamua uondolewe kwa kina gani. Mahali pake pajazwe moramu, yaani udongo wa changarawe, isiyovimba, kwa matabaka. Wapo wanaojaza mchanga wa korongo kwa sababu ni rahisi kupatikana, na huo ni uamuzi mbaya kwenye mfinyanzi, maana mchanga hupitisha maji na kuyahifadhi chini ya bamba, hapo hapo ambapo mfinyanzi unayasubiri.

Udongo wa kawaida, usiovimba, uondolewe majani, mizizi na takataka, uchimbwe hadi kimo kilichopangwa, ulowanishwe na kushindiliwa. Juu yake iwekwe moramu au kokoto mchanganyiko kwa unene usiopungua milimita 100 baada ya kushindiliwa. Ujazo mkubwa ugawanywe katika matabaka yasiyozidi milimita 150 kila moja, kwa sababu kompakta ndogo ya sahani, yaani mashine ya kushindilia, haifikishi nguvu yake chini zaidi ya hapo. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni asilimia 95 ya uzito wa juu wa udongo mkavu uliopimwa maabara, na hicho hakifikiwi bila maji. Wakati wa kiangazi moramu hufika ikiwa kavu kabisa, nayo hata ipitiwe na kompakta mchana kutwa itabaki imelegea. Inywesheni maji, igeuzwe, na mtu achukue konzi na kuikamata: ikishikamana bila kuchuruzika maji wala kuchafua kiganja kwa tope, iko tayari. Maabara ndiyo itakayothibitisha baadaye, ama kwa kipimo cha kuchimba kishimo na kukijaza mchanga, ama kwa kifaa cha DCP, chenye nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka milimita 575 na kusukuma ncha ya chuma ardhini. DCP ina faida ya kuonyesha tabaka lililolegea hata kama limefichwa chini ya tabaka gumu.

Sehemu zinazosahauliwa mara nyingi ni mifereji ya mabomba inayokatiza njia, na ukanda ulio nyuma ya mawe ya ukingo. Kompakta haifiki huko, basi zishindiliwe kwa mkono kwa tabaka jembamba zaidi. Mkaguzi apime huko kwanza kabla ya kupima katikati, ambako kila fundi hushindilia vizuri.

Mawe ya ukingo

Ukingo hujengwa kabla ya njia, kwa kuwa ndio unaoibeba pembeni na ndio unaoongoza maji ya barabara. Dodoma hupata mvua chache kwa mwaka, wastani wa milimita 550 hadi 600, lakini karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mvua moja kubwa huteremsha kutoka vilimani maji mengi yenye mchanga kwa muda mfupi. Ukingo usiokuwa na matundu ya kupeleka maji mtaroni huigeuza barabara kuwa korongo. Kwa hiyo sehemu za chini kabisa za barabara zitambuliwe kwenye michoro, matundu yaachwe hapo, na mkaguzi ayaone yakiwa wazi kuelekea kwenye mtaro halisi, kwa maana tundu linaloishia kwenye kifusi halina kazi.

Jiwe la ukingo lilalie kitanda cha zege cha milimita 100 hadi 150 kikiwa bado kibichi, lipigwe kwa nyundo ya mpira mpaka lifuate kamba, kisha nyuma yake lishikizwe kwa zege linalopanda angalau nusu ya urefu wake. Zege hilo la nyuma ndilo linalozuia jiwe lisisukumwe na tairi la lori. Fundi anayetaka kuokoa saruji hulipunguza au huweka udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na kwa kuwa litafunikwa siku ile ile, hakuna atakayejua mpaka mawe yaanze kulala chali. Hiki ni kituo cha lazima cha ukaguzi: njia isijazwe nyuma ya ukingo kabla mkaguzi hajaona zege la nyuma kwa urefu wote.

Kimo cha ukingo juu ya lami huwa kati ya milimita 100 na 150. Mstari ukaguliwe kwa kusimama upande mmoja na kuangalia kwa jicho moja, kisha kwa rula ya mita 3, na mwachano usizidi milimita 6. Viungo kati ya mawe vijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 3. Ukingo ukimwagwa hapo hapo badala ya kutumia mawe yaliyofyatuliwa, ukatwe mkato kila baada ya mita 3 au pungufu.

Kwenye vivuko ukingo ushushwe hadi usimamie milimita 6 au chini ya hapo juu ya lami. Njia ishuke kwa mteremko usiozidi 1 kwa 12, maana yake ukingo wa milimita 150 unahitaji mteremko wenye urefu wa mita 1.8, na hauwezi kubanwa ndani ya nusu mita kama inavyoonekana mahali pengi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kufikia maeneo na huduma za umma, na haki hiyo inaanzia hapa, kwenye milimita hizi. Njia nzuri ya kupima ni kumwomba mtumiaji wa kiti mwendo wa mtaa huo apande na kushuka mwenyewe bila kusukumwa, wakati mkandarasi bado yupo na mashine zake.

Mbao na saini kabla ya kumwaga

Mbao za pembeni ziwe zimenyooka, zenye kimo sawa na unene wa bamba, na zishikiliwe na vigingi vya kutosha zisitanuke. Unene wa kawaida ni milimita 100, na mahali magari yanapokatiza kuingia majumbani au kwenye vituo vya mafuta uwe milimita 150 au zaidi, pamoja na wavu wa chuma ulioinuliwa juu ya vitalu vidogo vya zege. Wavu uliolala ardhini haufanyi kazi yoyote.

Mkaguzi avute kamba juu ya mbao kutoka upande hadi upande, apime kwenda chini kwa futi ya kupimia katika sehemu nyingi, pamoja na katikati. Bamba lililopangwa kuwa milimita 100 likitoka milimita 80 halijapoteza sehemu moja ya tano ya nguvu tu. Uwezo wa bamba kuhimili kupindwa hufuata mraba wa unene, kwa hiyo limebakiza asilimia 64 peke yake. Mkandarasi ameokoa tope kidogo la zege, na jiji limepoteza zaidi ya theluthi moja ya njia.

Mteremko wa upande kwa upande uwe asilimia 2 kuelekea barabarani. Kwa pima maji ya mita 1.2, weka kipande cha mbao cha milimita 24 chini ya ncha ya upande wa barabara, na kiputo kikikaa katikati, mteremko ni sahihi. Ukizidi sana, kiti mwendo huvutwa kuelekea kwenye magari, na ukipungua, maji hutuama. Tabaka la chini lilowanishwe lisiwe na madimbwi, ili lisinyonye maji ya zege. Kisha mkaguzi atie saini, tarehe na saa. Pasipo saini hiyo saruji isifunguliwe.

Zege lenyewe

Kwa njia ya waenda kwa miguu zege la daraja la 25 linatosha, yaani lenye kuhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba baada ya siku 28. Likichanganywa kwa ujazo, uwiano wa 1 kwa 1.5 kwa 3 wa saruji, mchanga na kokoto hulifikia iwapo vifaa ni vizuri na maji yamedhibitiwa. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, basi tengenezeni sanduku la mbao lenye vipimo vya ndani vya milimita 400 kwa 350 kwa 250, ambalo ni lita 35 kamili: kwa kila mfuko sanduku moja na nusu la mchanga na matatu ya kokoto, yakisawazishwa juu kwa mbao. Toroli na karai zisitumike kupimia, kwa maana toroli ya asubuhi haifanani na toroli ya saa kumi jioni.

Saruji iwe na alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), isiyo na mabonge, na ihifadhiwe juu ya mbao mbali na ukuta. Mchanga wa makorongo, ambao ndio unaotumika zaidi hapa, mara nyingi huja na tope. Weka mchanga nusu chupa ya kioo, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, iache itulie saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshwe au urudishwe. Maji yawe ya kunywa. Baadhi ya visima vya Dodoma hutoa maji yenye chumvi inayosikika mdomoni, na maji hayo yasitumike hasa penye wavu wa chuma, kwa kuwa chumvi huleta kutu inayolipasua zege kutoka ndani.

Kipimo cha maji ndicho kinachovunjwa zaidi. Kwa mfuko mmoja lita 25 ndizo zinazotakiwa, zikipunguzwa iwapo mchanga umelowa. Mafundi hupenda zege jepesi linalotiririka, na ukigeuka huongeza ndoo. Maji yakifika lita 35 kwa mfuko, nguvu inaweza kushuka kwa theluthi moja au zaidi. Silaumu mafundi peke yao katika hili, kwani anayefanya kazi juani tangu alfajiri bila mashine ya kutikisa zege hutafuta nafuu anayoweza kuipata. Mkandarasi anunue au akodi vaibreta na mbao ya kusawazishia yenye mtetemo, na hamu ya kuongeza maji itapungua.

Kipimo cha slampu, yaani cha ulaini wa zege bichi, kifanyike papo hapo. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, upana wa 200 chini na 100 juu, hujazwa kwa matabaka matatu, kila moja likichomwa mara 25 kwa nondo ya milimita 16, kisha huinuliwa wima taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Kati ya milimita 50 na 75 ni sawa. Lililoporomoka kabisa likataliwe, hata kama kuna wafanyakazi ishirini wamesimama wakisubiri.

Siku hiyo hiyo zitengenezwe kyubu, yaani vipande vya zege vya mchemraba, za milimita 150, angalau sita: tatu za kupasuliwa siku ya 7 na tatu siku ya 28. Mkaguzi ndiye achague zege litoke kwenye mchanganyiko upi, bila kutoa taarifa mapema, na aandike tarehe na alama yake kwenye kyubu kabla hazijakauka. Kyubu ya daraja 25 hutakiwa kuhimili kilonyutoni 562 hivi kwenye mashine. Siku ya 7 ikifikia karibu theluthi mbili ya hapo, mambo yanakwenda vizuri.

Kuna ukaguzi mwingine usiohitaji mashine wala maabara, ambao hata mjumbe wa kamati ya mtaa anaweza kuufanya, nao ni kuhesabu mifuko mitupu. Kwa uwiano huu mita moja ya ujazo hula takriban mifuko 8. Njia ya mita 100, yenye upana wa mita 1.8 na unene wa milimita 100, ni mita 18 za ujazo, yaani mifuko 144 hivi. Mifuko mitupu ikiwa 90, pana maswali ya kuulizwa siku hiyo hiyo.

Jua, upepo na mikato

Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na chenye upepo, na upepo huo hunyonya maji ya uso wa zege kabla halijashika, ukaacha nyufa nyembamba ndani ya saa chache. Mwageni alfajiri, kokoto zikiwa zimefunikwa na kunyunyiziwa, tangi la maji likiwa kivulini, na turubai zikiwa zimesimamishwa upande unaotoka upepo. Joto la zege lisizidi nyuzi 32.

Baada ya kusawazisha, subirini maji yaliyopanda juu yapotee yenyewe ndipo mpitishe mwiko. Desturi ya kunyunyiza saruji kavu ili kuyakausha, au kupiga niru ing'ae kama sakafu ya sebuleni, ikatazwe kabisa: uso huo hubanduka kama ganda, na ukilowa huangusha wazee. Uso ufagiliwe kwa fagio gumu, kukatiza mwelekeo wa kutembea, ili uwe na mikwaruzo midogo.

Zege litasinyaa, na likisinyaa litapasuka. Mikato huamua lipasuke wapi. Vipande viwe karibu mraba, hivyo njia ya mita 1.8 ikatwe kila mita 1.8 au 2, kwa kina kisichopungua milimita 25, ambayo ni robo ya unene. Mkato wa mwiko hufanywa zege likiwa bado laini, na wa msumeno ufanyike siku hiyo hiyo, mara tu zege litakapoweza kukatwa bila kung'oa kokoto, kwani msumeno unaoletwa kesho yake hukuta nyufa zimekwisha kujichagulia njia. Kuzunguka nguzo, vifuniko vya mashimo na kuta, liwekwe tenganisho la milimita 12 lenye kijazo laini, na viungo vya njia vilingane na vya ukingo.

Siku saba za maji

Zege haligumui kwa kukauka, hugumu kwa kuwa na unyevu. Likiisha kushika, lifunikwe magunia yaliyolowa au nailoni iliyokandamizwa pembeni, na libaki limelowa siku 7 mchana na usiku. Kumwagia maji asubuhi na kuliacha likauke hadi kesho yake hakutoshi, na kwenye jua la hapa ni sawa na kutolimwagia. Kwa kuwa maji hununuliwa, gharama yake iandikwe kama kipengele chake katika jedwali la kazi na bei, kilipwe kwa siku zilizothibitishwa na mkaguzi. Kisipoandikwa, mkandarasi hana sababu ya kukitimiza. Watu wasikanyage kwa saa 24, na magari yasipite kwenye maingilio kabla ya siku 7, au zaidi iwapo kyubu hazijaonyesha nguvu ya kutosha.

Makabidhiano na baada yake

Kama vituo vya awali vilitiwa saini, ukaguzi wa mwisho ni mwepesi. Rula ya mita 3 iwekwe juu ya uso, na mwanya chini yake usizidi milimita 6. Tofauti ya kimo kati ya kipande na kipande nayo ipimwe: viwango vya Marekani vya ufikikaji huruhusu milimita 6 tu bila kuchongwa, na hicho ni kipimo kinachofaa hata kwa kidole cha mguu wa Dodoma. Matundu ya vifuniko vya mitaro yasizidi milimita 13 na yakatize mwelekeo wa kutembea, yasimeze tairi la kiti mwendo wala ncha ya fimbo nyeupe. Ndoo ya maji imwagwe kila penye shaka, na dimbwi lolote lizungushiwe chaki. Vizuizi vya kuzuia bodaboda kupanda juu viachane kwa nafasi ya kiti mwendo kupita.

Kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, kipangwe kiwe na msimu mzima wa mvua ndani yake, na ukaguzi wake wa mwisho ufanyike mwishoni mwa Aprili, udongo ukiwa umeshiba maji, kabla fedha ya mkandarasi iliyozuiliwa haijaachiwa. Anayekagua atafute vipande vilivyozama au kuinuka, ukingo ulioinama, na mchanga uliotoka kwenye viungo, ambao ni dalili kwamba maji yanakula chini.

Njia ikilazimika kukatwa baadaye kupitisha bomba, kibali kimtake mkataji aondoe kipande kizima kutoka mkato hadi mkato, ashindilie mfereji kwa matabaka, na amwage kipande kipya chenye unene ule ule na siku zile zile saba za maji. Kiraka cha katikati ya kipande kisipokelewe, na dhamana ya mkataji isirudishwe mpaka mvua za msimu mmoja ziwe zimepita juu ya kazi yake.